Fomula Moja, Harufu Mbili

4 Machi

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mguu umepoa na wapangaji wa chini wamepunguza redio. Simu najua hupokei, unasema anayepiga simu ni mtu ambaye hajafikiri bado, kwa hiyo nimekaa chini kukuandikia kama ulivyoniagiza siku uliponikabidhi maabara.

Nina tatizo. Dawa yetu ya meno ya mnanaa, toleo zima la mwezi huu, inanukia kisibiti. Wala si kwa mbali. Ukiweka kidogo kwenye mswaki unajiona umeuma mkate wenye zile mbegu. Wenye maduka wameanza kurudisha makatoni na meneja ananiita ofisini kila asubuhi kabla sijavaa koti la kazi.

Chanzo ni pipa jipya la karvoni, yale mafuta yanayotupa harufu ya mnanaa. Muuzaji ni mpya. Nimelipima mwenyewe. Linachemka kwenye joto lile lile la mafuta ya zamani. Uzito ni ule ule. Bromini imepoteza rangi kama inavyopaswa, na kitendanishi cha ketoni kimetoa mashapo ya rangi ya chungwa, mazuri kabisa. Fomula ndiyo niliyoandika kwenye oda: kaboni kumi, hidrojeni kumi na nne, oksijeni moja. Utakumbuka kwamba nilibadilisha namna ya kuagiza. Enzi zako mlikuwa mnaandika "karvoni ya mnanaa", kama mtu anayetumwa sokoni. Mimi naandika jina na fomula, basi.

Sasa pua yangu inakataa na vipimo vinakubali. Nimwamini nani?

Mpwa wako mtiifu

11 Machi

Mpwa wangu Daktari,

Marahaba. Mguu haujapoa na redio haijapungua, asante kwa kuuliza mambo mawili usiyoyajali.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa mshangao na ya pili kwa burudani. Umesomeshwa ukasomeka, ukaandika kitabu kizima kuhusu plastiki ya vifuniko, ukaitwa daktari, ukapewa kiti nilichokikalia mpaka kikachukua umbo langu. Leo unaniuliza umwamini nani kati ya pua na chupa. Ningekuwa wewe ningeona haya hata kununua bahasha.

Tuanze darasa la watoto. Molekuli yako ina mwili, na ina kundi tendaji. Mwili ni mnyororo wa kaboni na hidrojeni, mvivu, hauna habari na mtu mpaka uuchome moto. Kundi tendaji ni zile atomu chache zilizojishikiza juu yake, na hizo ndizo zinazofanya kazi na kuipa molekuli tabia. Pachika oksijeni yenye hidrojeni yake, unapata alkoholi. Kaboni ikishika oksijeni kwa mikono miwili katikati ya mnyororo, hiyo ni ketoni. Mambo yale yale yakitokea mwishoni mwa mnyororo, hiyo ni aldehidi, na kaboni hiyo ya mwisho ukiipa na ile OH ya alkoholi, umeshapata asidi. Haya wanajua watoto wanaovaa kaptula.

Wewe ulichofanya ni kuliuliza pipa, je, una ketoni? Likajibu ninayo. Ukarudi mezani umeridhika. Ni polisi aliyeambiwa kwamba mwizi ana masikio mawili, akamkamata wa kwanza aliyekutana naye.

Jibu ninalo. Nilijua kabla sijafika mwisho wa ukurasa wako wa kwanza. Lakini sikupi kama peremende, maana ukipewa utatafuna na kusahau. Fikiri. Na kama kufikiri kunakuumiza kichwa, nenda kamuulize mwenye ufunguo wa stoo. Yule mama amekaa na mapipa yale kuliko mtu yeyote, na mimi sijamwamini hata siku moja.

Mjomba wako

17 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimekubali matusi, nilijua yapo ndani ya bahasha kabla sijaifungua. Ila ile sentensi yako ya mwisho imezaa jambo.

Meneja alinibana tena, akitaka jina la mtu. Nilikuwa na barua yako mfukoni na nilikuwa naogopa, nisikufiche. Nikamwambia kwamba hata mkuu wa maabara aliyenitangulia hakumwamini Mama Stoo. Mjomba, sikusema zaidi ya hapo. Ilitosha. Meneja na watu wake walikwenda stoo wakakuta lakiri ya pipa imekatwa. Mama Stoo akasema ameikata mwenyewe, kwamba hufungua kila pipa linaloingia na kulinusa, ni desturi yake tangu aajiriwe. Wao wakasema ameuza karvoni yetu nje na kujaza takataka. Ufunguo ni mmoja na anauvaa shingoni, kwa hiyo hakuna mwingine wa kumshuku.

Amesimamishwa kazi. Kikao cha nidhamu ni tarehe tano Aprili. Alipita mbele ya dirisha la maabara amebeba kikombe chake cha chai na kandambili zake za stoo, hakugeuka kuniangalia. Amebakiza kidogo tu astaafu, na akifukuzwa kwa wizi hapati kiinua mgongo hata senti.

Uliposema kamuulize mwenye ufunguo, ulimaanisha ameiba, au ulikuwa unanidhihaki tu? Nakuomba uniandikie waziwazi. Na kama jibu lipo kwenye kemia, nipe kemia yote.

Mpwa wako

22 Machi

Mpwa,

Mimi niliandika "kamuulize". Kuuliza na kushitaki ni vitu viwili, hata kwa mtu aliyesomea vifuniko. Kama meneja wako anaendesha kiwanda kwa kunusa mifuko ya wafanyakazi wake, hilo si kosa la kalamu yangu.

Unataka kemia yote. Haya, kaa sawa.

Fomula ni hesabu ya vifaa tu. Inakwambia matofali mangapi, haikwambii yamejengwa choo au msikiti. Vitu viwili vyenye fomula moja na mpangilio tofauti vinaitwa isomeri, neno ulilolijibia mtihani ukapata alama zote na kulifukia siku hiyo hiyo. Chukua kaboni nne na hidrojeni kumi. Zipange mstari mmoja, una butani. Ing'oe kaboni moja ya pembeni uipachike katikati, mnyororo umepata tawi, na ile gesi sasa ina tabia nyingine. Hiyo ni aina ya kwanza, isomeri za mnyororo. Aina ya pili, mnyororo unabaki kama ulivyo ila kundi tendaji linahama nafasi. Chukua propanoli, ambayo OH yake yaweza kukaa kaboni ya kwanza au ya pili, nazo ni propanoli mbili tofauti. Aina ya tatu, vifaa ni vile vile lakini kundi lenyewe linakuwa jingine. Kaboni tatu, hidrojeni sita na oksijeni moja zinaweza kukupa aldehidi ya ofisi moja au ketoni ya ofisi nyingine, na hao wawili hawasalimiani. Wewe uliyeandika fomula tupu kwenye oda ulimwambia muuzaji, niletee matofali.

Ipo aina ya nne. Hiyo ndiyo iliyolala ndani ya pipa lako, na hapo naweka kalamu chini. Mwenye shahada amalizie.

Kuhusu yule mwanamke, usinililie. Acha akae nyumbani kidogo. Ni mtu mwenye kiburi cha ajabu kwa mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu mapipa. Tangu ujana wake alikuwa anapita kwenye korido ile kana kwamba sisi wengine ni mabango. Hewa ya nje itamfaa.

Mjomba

27 Machi

Mjomba,

Jana nilikwenda kwake. Ana chumba kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, na kwa kelele zile tulikuwa tunazungumza kwa vipande. Hakunipa kiti, nikakaa kwenye ndoo. Hakunitukana pia, na ningependa angenitukana.

Amesema harufu hii si mara yake ya kwanza kuikuta, na safari hii hakuja kuniambia kwa sababu nilishamwambia kunusa si kazi ya stoo. Miaka ya nyuma, wewe ukiwa mkuu, lilikuja pipa jingine la namna hii kutoka kwa muuzaji fulani. Yeye alilifungua akasikia kisibiti, akaja kukuita. Ulishuka stoo, ukachovya kijiti, ukanusa, ukacheka, ukaamuru lirudishwe siku hiyo hiyo. Ulimwambia Mama Stoo kwamba muuzaji si mwizi, ametuletea tu pacha wa mafuta yetu. Amesema maneno haya yote atayasema kwenye kikao, na atakutaja wewe kama shahidi.

Mjomba, sihitaji kupewa jibu tena, nitalitafuta. Ninachohitaji ni mistari miwili kwa menejimenti. Kwamba pipa la namna hii liliwahi kuja, na kwamba linaweza kuja bila mtu kuiba. Jina lako bado lina uzito hapa. Wanaokuita Pua wanakusimulia mpaka leo, na meneja akilisikia anakaa wima. Mistari miwili kabla ya tarehe tano, kwa basi la barua za haraka. Gharama nitalipa mimi.

Nimekupigia magoti.

Mpwa wako

2 Aprili

Mpwa,

Sikumbuki pipa lolote.

Nimepokea mapipa mengi kuliko siku ulizovaa viatu, na huwezi kunitaka nilete kumbukumbu ya kila mtu aliyenishika mkono kunishusha ngazi. Huenda ameota. Huenda amechanganya na kiwanda kingine. Watu wa stoo wanaishi gizani, mambo yanawachanganya.

Na hata ningekumbuka, mimi si mtu wa kuandikia menejimenti. Waliponistaafisha walinipa saa ya ukutani isiyotembea na hotuba ya dakika tatu ambayo jina langu lilitamkwa vibaya. Leo nikaombe kusikilizwa, tena kwa ajili yake? Yeye alipotakiwa kusema neno moja tu kwa ajili yangu, alisema jingine.

Ulinipigia magoti. Inuka, utachafua koti la maabara. Fungua kitabu.

Mjomba

20 Aprili

Mjomba,

Salamu nimeziacha kwa makusudi.

Tarehe tano walimfukuza. Kikao hakikumaliza hata chai. Alikutaja, meneja akaniuliza mimi, Mjomba amesema nini, na nikalazimika kusoma kwa sauti: sikumbuki pipa lolote. Mama Stoo alivua ufunguo shingoni akauweka mezani.

Nikafungua kitabu, kama ulivyoagiza. Kile nilichokuwa nakitumia kuzuia dirisha lisijifunge. Aina yako ya nne niliikuta ukurasa niliowahi kuupigia mstari kwa wino wa kijani, nikiwa na akili kuliko sasa. Molekuli mbili, kila atomu imemshika jirani yule yule, ketoni iko mahali pale pale, ila moja ni sura ya nyingine kwenye kioo, na uzigeuze utakavyo hazilaliani, kama kiatu cha kulia na cha kushoto. Zinachemka pamoja, zina uzito mmoja, bromini haioni tofauti. Pua inaona, kwa sababu pua nayo imejengwa kwa upande. Karvoni ya upande mmoja ni mnanaa. Ya upande wa pili ni kisibiti, nayo ni safi kabisa, si takataka, wala hakuna aliyeiba kitu.

Chuoni bado wana polarimita, kile chombo cha kupitishia mwanga kuona dawa inauzungusha upande gani. Nilibeba chupa mbili kwenye mkoba kama mgonjwa anayepeleka vipimo. Mafuta yetu ya zamani yanauzungusha mwanga kushoto. Ya pipa jipya yanauzungusha kulia, kwa kiasi kile kile. Nilirudi na karatasi yao yenye muhuri, nikaingia kwa meneja, nikamwambia mwizi ni mimi. Niliandika jina na fomula nikafuta neno "mnanaa" kwa sababu niliona linanuka soko. Neno hilo ndilo lilikuwa linataja upande. Muuzaji alileta alichoagizwa.

Nimepewa onyo la maandishi na kiti nimeachiwa, sijui kwa huruma au kwa kukosa mtu. Mama Stoo amerudishwa. Meneja alimwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, na yeye akamwambia, "Haya, tufanye kazi," akaenda kufungua stoo.

Nikamfuata. Nikamuuliza ni neno gani moja ulilotaka aseme, na akasema lipi. Akaniambia. Kwa hiyo najua. Najua ulimpelekea posa, najua alisema hapana, na najua kwamba kwa "hapana" hiyo ulikuwa tayari mtu azeeke bila kiinua mgongo, wakati jibu ulikuwa nalo tangu ukurasa wa kwanza. Ulinifundisha aina tatu za isomeri kwa raha zako huku ukijua ya nne ndiyo ilikuwa mkate wake. Nimewahi kukuogopa, Mjomba, nikakuheshimu, nikajivunia kuitwa mpwa wa Pua. Leo nakuona mdogo. Sijui neno jingine la adabu zaidi.

Mkuu wa Maabara

26 Aprili

Kwa Mkuu wa Maabara,

Kwanza, polarimita haikuhitajika. Pua ilitosha. Umetembea safari nzima na mkoba kuthibitisha ambacho mimi ningekithibitisha kwa kijiti cha kiberiti.

Pili, mambo ya watu wazima hayakuhusu. Kama amekusimulia, basi akusimulie yote. Alikuwa na mtu mwingine, dereva wa lori la malighafi, kila mtu alimwona anavyocheka naye pale kwenye mizani. Mimi nilikuwa na cheo, nyumba ya kiwanda yenye vyumba vitatu, na jina. Akachagua usukani. Halafu usukani wenyewe haukumuoa. Sikuona sababu ya kumkimbilia na mwavuli.

Tatu, amerudishwa, sivyo? Basi hakuna aliyekufa. Kelele zote hizi ni za nini?

Alipokusimulia alisema nini kuhusu mimi? Nauliza kwa ajili ya usahihi tu.

Mjomba wako, upende usipende

3 Mei

Bwana Pua,

Mpwa wako amenionyesha barua yako, akasema swali lako la mwisho ni langu, si lake. Nami sipendi mtoto wa watu atumwe kati yetu, kwa hiyo nakujibu mwenyewe. Nimeandika hapa hapa stoo, juu ya katoni, utasamehe mwandiko.

Yule dereva alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo. Ndugu yangu. Nilikuwa nacheka naye kwa sababu alikuwa anachekesha. Hukuuliza. Ulinusa ukaridhika.

Hapakuwa na mtu mwingine. Ulipoleta posa, nyumbani walifurahi na mimi nilifurahi. Nisikudanganye, nilikuwa nakupenda. Nilikuwa napenda ulivyofumba macho ukinusa, uso wako wote ukatulia. Niliomba wiki moja ya kufikiri kwa sababu ndiyo desturi, jibu nilishakuwa nalo.

Katikati ya wiki hiyo yule kijana wa mizani alikosea kipimo. Unamkumbuka, au huyo naye humkumbuki? Ulimsimamisha juu ya kiti kwenye mlango wa maabara, ukamwambia ataje kosa lake kwa sauti kila atakapopita mtu. Wewe uliketi ndani na mlango wazi, unakunywa chai, unatabasamu. Nilipita na mafaili. Akanitajia kosa lake. Nikaingia stoo, nikakaa chini, nikajiuliza, siku nikiunguza sufuria kwenye nyumba ile ya vyumba vitatu, atanisimamisha wapi? Ndipo nikasema hapana. Sikusema sababu kwa kuwa niliona ungenicheka.

Lakini mtu akikaa peke yake muda mrefu anajisumbua. Jioni nyingi nimejiambia, labda nilikuwa mwepesi mno kuhukumu. Labda ilikuwa siku mbaya tu kwake. Pengine mtu huyu, nikiwa na shida kweli, angenitetea. Nilikuwa nayo shaka hiyo miaka yote nikipanga mapipa yako, na nisikufiche, ilikuwa inaniuma.

Kwenye kikao nilikutaja si kwa sababu sikuwa na la kujitetea. Nilikutaja kwa sababu moyoni nilisema, ataandika. Mistari miwili tu, ataandika.

Umenitoa shaka. Nakushukuru kwa hilo, sasa nalala vizuri.

Mtunza stoo